Mbeta Isiyoonjwa

Nina kesi. Nikisema hivyo, ninyi mseme, "Ilete tuiamue." Tujaribu tena: nina kesi. Hapo sawa. Mwenye hindi la kuchoma alimalize sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kushindana na meno ya watu.

Kesi yenyewe si ya zamani. Haina mfalme wala sungura. Ni ya majuzi tu, kijijini kwetu Mavulilo, huko juu Njombe, kwenye baridi ya makoti mawili. Wahusika wake wote wako hai, na baadhi yao hawajasalimiana tangu mwezi uliopita. Walitengeneza filamu. Ndiyo, filamu, msinikodolee macho. Watu watatu, kamera moja ya kuazima na wiki sita za mvua. Filamu ikashinda huko mjini, nasi tukaruka ruka barabarani mpaka matope yakatufika magotini. Halafu zawadi ikaja, na ilikuwa moja, ya mtu mmoja, haikatiki vipande. Hapo ndipo furaha ilipoanza kutushinda kuibeba.

Ngoja niwatambulishe.

Wa kwanza ni Yustino Mbilinyi, nasi tunamwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, vipaimara na misiba, kwa kamera ya shemeji yake. Kipaji chake ni kujua mahali jambo litakapotokea kabla halijatokea. Kwenye harusi ya binti wa katekista, bwana na bibi harusi wanalishana keki, Yustino akawapa mgongo na kuielekeza kamera kwa shangazi mmoja aliyejikalia pembeni. Watu wakaguna. Kufumba na kufumbua, shangazi akaangua kilio kilichoifunika kwaya nzima. Tulipomuuliza alijuaje, alisema, "Alikuwa ameacha kutafuna."

Wa pili ni Vumilia Ngailo, huyu ndiye Sikio. Fundi redio, ana banda lake karibu na mnada. Mafundi wengine ukiwapelekea redio wanaifungua kwanza. Yeye anaiwasha, anakwenda kusimama nje mvuani na kusikiliza, kisha anarudi kukwambia ni waya gani umekatika. Anawajua watu kwa buti zao kwenye matope. Hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini, atakwambia waliomposa wote walikuwa na sauti za kudanganya. Siku hizi sikio lake la kushoto limeanza kuzima, jambo analolisema taratibu sana, kama vile hataki lenyewe lisikie.

Wa tatu ni Semeni, mke wa Baba Neema. Huyu kipaji chake ni kigumu kukieleza kwa sababu hakina kelele. Anaweza kukwambia jambo zima bila kufungua mdomo. Mwaka juzi pale bombani mama mmoja aliivusha ndoo yake mbele ya foleni. Semeni hakusema neno, alimtazama tu. Yule mama akazungumza mambo ya hali ya hewa, akazungumza mambo ya mbolea, mwishowe akainua ndoo yake mwenyewe na kuirudisha nyuma. Mume wa Semeni anapasua mbao Mufindi, na hurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili. Mimi ni jirani yao. Jiko lao na langu yametenganishwa na uzio wa mianzi tu, kwa hiyo nisemayo nayajua.

Wazo la filamu lilikuwa la nani? Hapo msinibane, wenyewe hawaelewani. Lilizaliwa bandani kwa Vumilia, siku ya mvua, watatu hao wakisubiri ikatike. Yustino alikuwa ameachiwa kamera na shemeji aliyesafiri. Mmoja akasema wafanye filamu isiyo na majini. Mwingine akasema isiyo na bastola. Wa tatu akasema basi iwe na mwanamke, mwanamume na mianzi. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Hadithi ya filamu ni fupi, ningeweza kuisimulia nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Kuna mwanamke ambaye mume wake yuko mbali. Nyuma ya nyumba yake kuna mianzi ya mume. Kila asubuhi mgema anakuja kuigema ulanzi, pombe ya mianzi, anamwachia mwenye nyumba fungu lake, na mwenye nyumba anampa kinywaji kabla hajaondoka. Wanasalimiana "kamwene", basi. Hawagusani, hawaambiani lolote. Lakini majirani wanachungulia, mama mkwe anapita pita, na wewe unayetazama unaanza kukaa vibaya kwenye kiti chako, kwa sababu unaona wazi wanachotaka hawa wawili, na unaona hakuna mahali pa kukiweka.

Mwanamke alikuwa Semeni. Kumpata mgema haikuwa taabu, walimchukua mgema wa kweli, Lutengano Tweve, kijana mrefu mpole ambaye hajaoa. Walipompa maneno ya kusema aliyasema kama anasoma tangazo la chanjo. Wakamnyang'anya maneno yote wakamwachia salamu.

Sasa sikilizeni vizuri hili. Filamu ile haikuwa na mwongozaji. Si kwamba walimtafuta wakamkosa, hawakujua kwamba anahitajika. Walifanya kazi kama tunavyolima sisi, kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, keshokutwa la jirani. Kila siku mmoja wao ndiye aliyekuwa na haki ya kusema "anza" na kusema "acha". Wengine wawili walitii. Ilikwenda hivyo wiki tano bila ugomvi. Wiki ya sita kukawa na msiba wa siku mbili, halafu Jumapili, halafu mvua ya mawe, na zamu zikawachanganya.

Na hili nalo mlijue, ninyi mliotoka mabondeni. Kwetu, ukimpa mtu ulanzi, unaonja kwanza wewe. Unainua mbeta, kile kipande cha mwanzi tunachonywea, unapiga funda moja mbele ya macho yake, ndipo unampa. Maana yake, hakuna baya humu. Mgeni anaonjewa, jirani anaonjewa, padri anaonjewa. Wasioonjeana ni wawili tu: mume na mkewe. Siku ya harusi bibi harusi anampa mume mbeta bila kuonja, naye anaipokea na kunywa, na kuanzia hapo hawaonjeani tena mpaka kaburini. Mwanamke kumpa mwanamume mwingine mbeta isiyoonjwa ni jambo ambalo hata jina hatujalipa, kwa sababu halijawahi kutokea.

Asubuhi hiyo walikuwa nyuma ya nyumba ya Semeni. Ukungu ulikuwa mzito, mianzi ya mbali huioni. Tukio lilikuwa rahisi: mwanamke anaonja, anatoa mbeta, mgema anakunywa, anaondoka. Walilifanya mara tatu na mara zote tatu Semeni alionja. Mara ya tatu Lutengano alipaliwa. Wakasema warudie, ya mwisho, chaji inaisha.

Kamera ikaanza. Lutengano akashuka kutoka kwenye mianzi na kisu chake. "Kamwene." "Kamwene." Semeni akachukua mbeta, akaifuta mdomo kwa kiganja, akanyoosha mkono.

Hakuonja.

Lutengano alikuwa ameshainua mkono wake kupokea. Ukasimama hewani. Alikuwa anangoja, kama ambavyo mtu yeyote wa Mavulilo angengoja. Semeni hakuurudisha mkono wake. Baina yao kulikuwa na mbeta na ukungu, basi.

Hapo Yustino alitakiwa kubaki kwenye uso wa Semeni, ndivyo walivyokubaliana. Hakubaki. Aliuacha uso akaenda kwenye mikono miwili, kisha akarudi nyuma hatua moja, polepole, mpaka ukungu ukaingia kati ya kamera na watu. Ukiitazama unajiona umejificha nyuma ya mti, unatazama usichotakiwa kutazama.

Naye Vumilia alitakiwa kuwaelekezea kinasa sauti wale wawili. Hakuwaelekezea. Alikigeuza kwenye mwanzi uliokatwa, ambako ulanzi ulikuwa unadondoka kwenye chombo chake. Tone. Tone. Kisha, nyuma ya matone, pumzi ya mtu. Tone lingine. Nilipoiona ile filamu nilijikuta nasubiri kila tone kwa roho juu, mimi niliyeishi na mianzi miaka hamsini.

Hatimaye Lutengano aliipokea mbeta, akanywa yote, bila kumwondolea macho. Kamera ikazimika yenyewe.

Vumilia akavua spika za masikioni. Akauliza, "Zamu ya leo ilikuwa ya nani? Mbona hakuna aliyesema acha?"

Wakatazamana. Yustino alidhani ni zamu ya Vumilia. Vumilia alidhani ni ya Semeni. Semeni alidhani ni ya Yustino.

"Nilisahau kuonja," Semeni akasema. "Turudie kesho."

Kesho yake shemeji akarudi safari akaichukua kamera yake. Kosa likabaki ndani ya filamu.

Wakaiunganisha filamu kwenye kompyuta ya mwalimu wa shule ya msingi. Yustino, kwa mazoea yake ya harusini, alitaka kinanda pale penye mikono. Vumilia alikaa mlangoni kwa mwalimu siku mbili, na chai akaletewa hapo hapo, mpaka Yustino akakubali kwamba hakitapigwa kinanda chochote.

Tukaonyeshwa mchana, kwenye stoo ya viazi. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na sisi tukakalia viazi. Watu walijaa mpaka juu ya mzani. Baba Neema alikuja kutoka Mufindi kwa ajili hiyo, akakaa mbele kabisa na koti lake jipya. Kila alipotokea mke wake alimgusa aliye karibu naye akamwonyesha kwa kidole, kana kwamba sisi hatumjui. Nilifurahi kumwona hivyo. Tulikuwa tumechangamka wote, tunacheka tukiona nyumba zetu, mbuzi wetu, mgongo wa fulani akipita.

Likaja lile tukio. Mkono ukanyooka. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hajaonja."

Nawaambia, mikono yangu ilisisimka, na nikimwangalia binti yangu naye amejishika shingo. Tone. Tone. Hakuna aliyekohoa, na kijijini kwetu msimu ule kila mtu alikuwa na kikohozi. Lutengano alipokunywa, watu waliachia pumzi kwa pamoja, nikausikia upepo wake miguuni. Sijawahi kuona kitu kizuri vile na sijawahi kuogopa vile, yote kwa wakati mmoja, na ni kuhusu watu wawili waliosimama tu.

Baba Neema hakugeuza kichwa. Filamu ilipokwisha alipiga makofi kuliko wote.

Aliporudi nyumbani hakumuuliza mkewe chochote, wala Mufindi hakurudi tena. Lakini tangu siku ile, akimpa Semeni kikombe cha chai, anaonja kwanza yeye. Akimpa uji, anaonja. Anapiga funda moja, anamtazama, anampa. Kwa adabu kabisa, kama unavyomfanyia mgeni. Nimeyaona mwenyewe kupitia uzio, na siku ya kwanza nilipoyaona niliacha sufuria yangu ikaungua.

Mwalimu aliituma filamu kwenye tamasha mjini. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina moja la mwongozaji, wakayabananisha yote matatu. Baada ya mwezi barua ikaja. Imeshinda. Majaji waliandika kwamba wameichagua kwa ajili ya tukio moja: mkono unaonyooshwa katika ukungu na mwingine unaochelewa kuupokea. Zawadi ni mwaka mzima kwenye chuo cha filamu, malazi na chakula, na mwisho wa mwaka kamera unaondoka nayo. Ni kwa mtu mmoja, yule aliyelifanya tukio lile. Kijiji kilete jina kabla ya Ijumaa.

Tukakutana Alhamisi, mle mle kwenye stoo, maana ofisi ya kijiji inavuja. Mwenyekiti wetu, Mzee Msigwa, ni mtu wa haraka, anapenda kikao kiishe kabla ya saa ya kukamua ng'ombe. Alipendekeza kura ya vikaratasi. Vumilia akamkatalia. "Kura ni ya viwanja, Mwenyekiti. Hiki kimefanywa na mtu. Tumtafute."

Yustino akasimama. "Ndugu zangu, majaji wale si watu wa huku. Mambo ya kuonja hawayajui. Kwa hiyo walichokipenda si kuonja wala kutoonja, ni walichokiona. Nani aliwaonyesha? Nani aliacha uso akaenda kwenye mikono? Na zamu ilikuwa yangu. Ningesema acha, leo tusingekuwa hapa." Kisha akashusha sauti. "Kamera imerudi kwa mwenyewe. Mimi bado naona vitu, kila siku naviona, na sina pa kuviweka. Nikienda shambani naumia macho."

Vumilia akasimama. "Zamu yako ilianza kuwa yako ilipofika barua, Kaka Yustino. Siku ile uliniachia mimi, kwa hiyo asiyesema acha ni mimi." Watu wakacheka. "Mwalimu, tuwekee pale. Zima sauti."

Mwalimu akaiweka bila sauti. Tukatazama. Mama kashika mbeta. Kijana kasimama. Mtu akauliza kama mashine imekwama. Wallahi, hakukuwa na kitu pale.

"Mmeona," Vumilia akasema. "Mimi nina sikio moja na nusu. Nikingoja mwaka mwingine litabaki moja. Nataka nijue kazi hii kabla halijaondoka."

"Sawa," Yustino akasema, "sasa rudisha sauti, halafu fumbeni macho."

Tukafumba. Tone. Tone. Mtu anapumua. Mwenyekiti akasema hata bati la ofisi yake linadondoka hivyo hivyo. Tukacheka tena, na nikaanza kuona kwamba huko mbele ni kugumu.

Ndipo Semeni akainuka. Alikuwa amekaa na wanawake, si karibu na mumewe. Alisema, "Mmetoa sauti, mmetoa picha. Sasa toeni mkono wangu tuone kitakachobaki."

Mwalimu akazima mashine.

"Majaji hawajui kuonja," akaendelea, "lakini walijua kuna jambo. Walijuaje? Lilikuwa mkononi mwangu. Kaka Yustino aliliona kwa sababu lilikuwapo. Dada Vumi alilisikia kwa sababu lilikuwapo. Darasa la saba nilikuwa wa kwanza, mnajua wote, na sikwenda mbele. Miaka kumi na moja naitwa Mama Neema. Wiki sita zile niliitwa Semeni. Naitaka nafasi hii. Sijawahi kutaka kitu namna hii."

Nilitamani kupiga makofi. Nikamwangalia mume wake, nikayaacha.

Yustino si mtu mbaya, jamani, lakini alikuwa anaiona nafasi inamponyoka. Akasema, "Mama Neema, wewe mwenyewe siku ile ulisema ulisahau. Dada Vumi yupo, alisikia. Mtu anapewaje zawadi kwa kusahau? Ukisahau chumvi kwenye mboga na mboga ikawa tamu, sifa si zako. Kama ulisahau, tukio lile lilikuwa limedondoka tu chini, na walioliokota ni mimi na Vumilia."

Vumilia aliinamisha kichwa. Nadhani alijua maneno yale yalikuwa yanaelekea wapi, maana husikia mambo kabla yetu. Mwenyekiti akamuuliza, "Wewe ulikuwa na spika masikioni. Alisahau?"

"Nilisikia pumzi," Vumilia akasema. "Ya mtu aliyesahau na ya mtu aliyekumbuka, zote ni pumzi."

Hapo ndipo Lutengano aliposimama kule nyuma mlangoni. Hatukuwa tumemwita, na sijui kama kuna mtu alikumbuka kwamba yumo. Alivua kofia.

"Mimi sitaki nafasi," alisema. "Mianzi yangu inanitosha. Ila mimi ndiye niliyekunywa. Nilingoja aonje, hakuonja, nikanywa. Tangu siku ile kila asubuhi nikigema najiuliza. Naomba tu kujua. Alisahau au hakusahau?"

Hapa nilisikia viazi vikijisogeza chini yangu.

Mwenyekiti akamgeukia Semeni. Akafungua mdomo kumuuliza, akamwona Baba Neema, akaufunga. Na sisi wote tukaelewa kwa pamoja, kwa maana haihitaji shule. Akisema "nilisahau", basi tukio lile lilikuwa bahati, na nafasi ni ya Jicho au Sikio. Yeye anarudi nyumbani, na kesho asubuhi pengine mumewe anampa chai bila kuonja. Akisema "sikusahau", basi tukio ni lake tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna wa kumnyang'anya, na nafasi ni yake. Lakini atakuwa amesema mbele ya kijiji, mbele ya mgema na mbele ya mume, kwamba alimpa mwanamume mwingine mbeta isiyoonjwa huku akijua.

Mwingine atasema, si alikuwa anaigiza? Mwanamke wa kwenye filamu ndiye aliyemtaka mgema, si Semeni. Na mimi nililisema hilo, tena kwa sauti, pale pale. Bibi aliyekuwa nyuma yangu akanijibu, "Mkono ulikuwa wa nani?"

Baba Neema akasimama. Tulidhani atatoka. Hakutoka. Alilikunja lile koti lake akaliweka juu ya gunia, akamtazama mkewe moja kwa moja, mara ya kwanza tangu kikao kianze.

"Mwacheni ajibu," alisema. "Mimi sina ugomvi na mtu. Mwezi mzima namwonjea chai kwa sababu sijui ninaishi na nani. Na mimi nangoja."

Semeni akawatazama wote: Yustino, ambaye tayari alikuwa anajuta, mkono wake ukitafuta kamera isiyokuwapo; Vumilia, aliyemtikisia kichwa kidogo, na mpaka leo hatujui alimaanisha asiseme au asiogope; Lutengano na kofia yake mkononi; na mume wake. Akavuta pumzi.

Mwenyekiti akainua kiganja. "Ngoja, Mama Neema. Usijibu bado." Akaiweka gotini fomu iliyokuja na barua na kuchomoa kifuniko cha kalamu. Jasho lilikuwa linamtoka, na nje kulikuwa na ukungu wa kuvalia makoti. Kwa kazi yake, angeweza kuandika jina wakati ule ule, bila jibu la mtu, na kumwokoa Semeni asiseme. Angeweza pia kungoja, na kumwacha aseme.

Mimi najua alichoandika, na msinisogelee na mahindi yenu, siwaambii. Nimeisimulia kesi hii vijiji vinne, na sijapata hata nyumba moja yenye mke na mume waliokubaliana.

Basi leteni uamuzi. Ukimpa Yustino, umempa jicho lililojua pa kutazama. Ukimpa Vumilia, umempa sikio lililotufundisha kungoja tone. Ukimpa Semeni, umempa mkono, na hujui bado kama mkono huo ulisahau. Kalamu ya Mwenyekiti ningekupa wewe hapo ulipokaa, ungeandika jina la nani? Na ungeliandika kabla Semeni hajajibu, au ungemngoja?